Jangwa letu ni uwanda: jibu kwa ndugu wa Fuoni mwenye baiskeli ya gia

Ndugu uliyeuliza, asalaam alaykum. Umesema uko Fuoni, umenunua baiskeli ya gia ya mtumba, umetazama video za vijana wanaopanda na kushuka miamba myekundu ya Moab kule Utah, Marekani, na unataka kujua kama Unguja pana pahala pa kuendesha namna ile, au kisiwa hiki ni lami na mchanga wa pwani tu. Wawili wameshakujibu kwamba hatuna jangwa, usijisumbue. Mimi nimeendesha upande wa mashariki na kusini kwa miaka tisa, na sikubaliani nao. Tunalo jangwa. Sisi tunaliita uwanda.

Nianze na hiyo Moab, maana ukiielewa utaelewa na kwetu. Njia yake inayojulikana kuliko zote, Slickrock, ilichorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki. Baiskeli zilikuja baadaye. Jina lake lina maana ya jiwe la utelezi, kwa sababu farasi wa zamani waliovaa vyuma miguuni walikuwa wakiteleza juu yake. Mpira hautelezi pale. Lile ni jiwe la mchanga ulioganda, linashika tairi kama msasa, ndiyo maana unawaona wanapanda kuta ambazo kwa macho hazipandiki. Kuna na nyingine, White Rim, mzunguko wa kama kilomita 160 ndani ya hifadhi ya Canyonlands, na njia nzima huna pa kuchota maji ya kunywa. Watu huenda siku tatu au nne na gari linawafuata nyuma na madumu. Shika hilo la maji, nitalirudia.

Sasa kwetu. Ukitoka mjini, unapita minazi, mikarafuu na ardhi ya kinongo, udongo wenye rutuba, kila kitu kijani. Ukisogea mashariki, udongo unakwisha. Chini ni jiwe la matumbawe, mwamba ambao zamani sana ulikuwa chini ya bahari, umejaa mashimo na ncha kama meno ya msumeno. Juu yake ni vichaka vya miiba, miti mifupi, hapa na pale mbuyu au mkwaju. Mvua si kwamba hainyeshi. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Lakini tone likigusa jiwe lile linazama papo hapo, linapotelea kwenye nyufa na mapango, na juu hakubaki mto wala dimbwi. Waweza kupita saa moja baada ya mvua kubwa ukakuta vumbi. Mimi hilo ndilo ninaloliita jangwa: ardhi isiyokuwekea maji. Mchanga si sharti.

Kuna jambo la pili ambalo hulioni kwenye ramani. Vichaka vinakata upepo. Uko kilomita tatu kutoka baharini, unasikia mawimbi yanavyopiga kwenye mwamba wa nje, na hupati hata upepo kidogo. Jua linapiga juu, jiwe jeupe linakurudishia chini.

Nikueleze siku niliyojifunza haya yote kwa pamoja. Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi imeshika, na nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kuendesha. Nilitaka kukata kisiwa kutoka Jambiani hadi Muyuni kwa njia za ndani. Kwa mstari wa moja kwa moja haifiki kilomita 15. Nikajiambia saa moja na nusu inatosha. Niliondoka saa tatu asubuhi, nimechelewa tayari, na chupa mbili ndogo za maji ambazo kwa pamoja hazikufika lita moja na nusu. Simu ilikuwa na ramani inayoonesha mstari mwembamba unaovuka. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu, sitaki kukuficha. Kijia chembamba kinapinda baina ya mawe, unainuka kwenye tandiko, unahesabu kila jiwe kabla hujalifikia, moyo wote uko kwenye gurudumu la mbele.

Kisha nikafika panda. Njia mbili zilikuwa sawa kwa upana, ramani haikuonesha hata moja. Nikachukua ya kulia. Baada ya dakika ishirini ncha ya jiwe ikachana ubavu wa tairi la nyuma, mpasuko wa urefu wa kidole. Nilikuwa na viraka vya tyubu, lakini kiraka cha tyubu hakizibi tairi. Nikitia upepo, tyubu inatoka nje kama puto na kupasuka tena. Nikaanza kusukuma. Njia ikazidi kuwa nyembamba, hatimaye ikaishia kwenye uwazi mdogo wenye visiki vya miti iliyokatwa, basi. Hakuna kijiji, hakuna kitu. Nikarudi nyuma. Saa sita maji yalikwisha. Kufika saa saba jasho lilikuwa limekauka mwilini, kichwa kinagonga, na nilikuwa nikisimama kila hatua hamsini kutafuta kivuli ambacho saa ile hakipo.

Aliyenikuta ni mzee mmoja anakata kuni, baiskeli yake ya Phoenix ameiegemeza kwenye mkwaju, mzigo umeshafungwa nyuma kwa kamba ya makumbi. Hakuniuliza kitu. Aliniketisha, akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki kidogo kidogo, kila nikitaka kugugumia ananiondolea. Nilipopata sauti nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa ukifuata nini?" Nikamwonesha simu. Akatikisa kichwa, akaniambia nitazame chini. Njia yenye kinyesi cha ng'ombe, akasema, inakwenda kwa watu, kwa sababu ng'ombe hurudi kwenye maji kila jioni. Njia yenye visiki vya shoka inaishia kwa visiki. Halafu akakata kipande cha mpira wa ndara aliyokuwa akiitumia kukinga mzigo, akakisokomeza ndani ya tairi langu pale palipochanika, baina ya tairi na tyubu, akaniambia tia upepo. Nilifika Muyuni nikiwa nimekaa juu ya baiskeli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa vifaa unatoka kwa mzee yule. Siku zote mimi hubeba vipande viwili vya tairi kuukuu la baiskeli, urefu wa kiganja, nimepunguza kingo kwa kisu zisikwaruze tyubu. Hakuna kifaa cha dukani kilichowahi kunisaidia zaidi. Ongeza tyubu mbili nzima, solusheni, viraka na pampu. Kama baiskeli yako inakubali tairi zisizotumia tyubu, zenye ile gundi ya majimaji ndani, ni nzuri kwa miiba, tundu linajiziba lenyewe. Lakini mpasuko wa ubavu gundi ile haiuwezi, kipande cha tairi bado utakihitaji.

Suala la upepo linawachanganya wengi. Video za mchangani zinakuambia punguza upepo tairi litanuke. Ni kweli kwa mchanga, na ukiendesha ufukweni maji yakitoka utafaidi. Uwandani ukipunguza sana, gurudumu likigonga jiwe, tyubu inabanwa baina ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, utadhani umeng'atwa na nyoka. Ukikuta matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Mimi na uzito wangu wa kilo 70 huweka paundi 35 nyuma, mbele nashusha kidogo, na tairi pana kadiri fremu inavyoruhusu. Ukiwa mzito kuliko mimi, ongeza upepo zaidi.

Maji: lita moja kwa kila saa moja unayotarajia kuwa ndani, kisha lita mbili za ziada ambazo huzigusi mpaka uone lami. Usitegemee visima vya njiani, vingi karibu na pwani vina chumvi. Watu wa kale wa upande ule waliishi kwa mapango. Pale Jambiani pango la Kuza lina bwawa la maji baridi mpaka leo, na katika pango la Kuumbi wanaakiolojia wamechimba wakakuta zana za watu wa zama za mawe. Mimi nikipita pale nafikiria wale watu: kisiwa hiki walikijua kwa maji yake kabla ya kitu kingine chochote. Ukiingia pango lolote, uliza kwanza wenyeji, mengi yana watu wanaoyatunza na mengine ni mahali pa dua.

Msimu bora ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Kusi linavuma, kwa hiyo panga safari uende kusini asubuhi ukiwa na nguvu, na urudi upepo ukikusukuma. Masika usiende, na hasa usipitie mabonde kama Cheju: udongo wa kinamo unaganda kwenye magurudumu mpaka hayazunguki, utaibeba baiskeli begani. Na uhesabu jua. Huku kwetu likizama baada ya saa kumi na mbili, giza halikusubiri.

Pa kuanzia: usianze na Jambiani kwenda Muyuni. Anza na njia inayotoka karibu na hifadhi ya msitu wa Jozani kuelekea Charawe na Ukongoroni, ni pana, ina watu, na pembeni yake utaonja jiwe bila kupotea. Ndani ya hifadhi yenyewe usijikatie njia, ingia na mwongozaji. Kima punju kwa asili ni wa Unguja pekee, na paa nunga anajificha kwenye vichaka vivyo hivyo, mnyama mwenye haya, hataki kelele. Upande wa kaskazini kuna maeneo ya Kiwengwa na Pongwe. Pemba ni habari nyingine kabisa, vilima na udongo mwekundu, na kutoka Konde kupitia msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi ni barabara ya kivuli. Nzuri mno, lakini si ulichouliza.

Jambo ninalotaka ulichukue kwa uzito ni la kutotoka njiani. Moab wana onyo kila mahali: usikanyage udongo, kwa sababu juu ya mchanga wao kuna utando mweusi ulio hai, wa vijidudu na kuvu, unaoshikilia ardhi, na tairi moja likiupasua huchukua miaka mingi kupona. Sisi utando ule hatuna. Tuna mifuko ya udongo. Tazama vizuri baina ya mawe, utaona vishimo vya udongo mweusi visivyozidi ukubwa wa sinia, na katika kila kimoja mtu amepanda mbaazi, mtama au mhogo. Kwa macho ya mgeni ni pori. Kwa mwenyewe ni konde, na kuta za mawe unazoziona zimepangwa kwa mikono. Ukikata kona kukwepa jiwe umepita juu ya chakula cha nyumba ya mtu. Nimewaona waendeshaji wakifanya hivyo na inaniuma.

Kijijini shuka, salimia, vaa suruali inayofunika magoti, na mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa ngapi utatokea. Ukimwona sheha, bora zaidi. Simu humo ndani hupoteza mtandao.

Mimi na wenzangu watatu tutavuka kutoka Jambiani Jumapili ya pili ya mwezi ujao, tunaondoka baada ya sala ya alfajiri. Ukitaka kuja, niandikie hapa hapa. Njoo na lita tano, tyubu mbili, na kipande cha tairi kuukuu. Kingo zake nitakuonesha namna ya kuzipunguza.