Maswali ya Walimu: Takwimu za Darasa Lenyewe

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kufundisha takwimu na uwezekano kwa data za wanafunzi wenyewe badala ya majedwali ya kitabuni. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nina wanafunzi 78 kwenye mkondo mmoja, na kompyuta hatuna. Nikusanye data gani, na kwa utaratibu upi, bila kumaliza wiki nzima?
*Mwalimu wa hisabati, Kasulu*

Mwalimu, chagua kitu kimoja kinachotofautiana sana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, kinachopimika kwa namba, na kisichomwaibisha mtu. Muda wa kutoka nyumbani hadi shuleni unafaa kwa yote matatu. Umri haufai: darasa zima lina miaka 15, 16 au 17, na grafu inakuwa nguzo tatu nene zisizo na la kusema.

Kazi ya kwanza ni kuandika swali ubaoni neno kwa neno. "Unatumia muda gani kuja shule?" ni swali bovu. Leo, au siku za kawaida? Kuanzia kuamka, au kuanzia kutoka mlangoni? Waachie wanafunzi walichambue wenyewe kwa dakika tano, kisha lisomeke hivi: "Leo asubuhi, tangu ulipotoka mlangoni kwenu hadi ulipoingia getini, zilipita dakika ngapi?" Andika na tarehe kando, maana muda wa kiangazi na muda wa siku ya mvua na tope si mmoja, na darasa la mwakani litataka kulinganisha.

Karatasi moja ya A4 hutoa vipande 8, kwa hiyo karatasi 10 zinakutosha. Kila kipande kiwe na dakika na herufi ya usafiri (M kwa miguu, B baiskeli, P pikipiki), bila jina. Vipande viingie kwenye kopo. Mwanafunzi mmoja anasoma, wa pili anachora vijiti ubaoni, kile cha tano kikikata vinne, wa tatu anahesabu vipande vilivyokwisha kusomwa. Mwisho hesabu ya vijiti na ya vipande zilingane. Zisipolingana, kazi inarudiwa. Usikubali "tufanye tu ni 78".

Wengine hupenda kuuliza saa ya kutoka na saa ya kufika, halafu watoe. Hapo saa za Kiswahili na saa za simu hugongana. Mwanafunzi anaandika ametoka 12:50 na kufika 7:20, na ukitoa bila kufikiri umempa mwendo wa saa sita na nusu, kumbe ni dakika 30. Kipande kama hicho usikitupe wala usikirekebishe kimyakimya. Kiandike ubaoni, darasa lieleze kilichotokea. Hakuna jedwali la kitabuni litakalokupa somo hilo.

Namba ya katikati ya orodha, ile inayoigawa nusu kwa nusu data ikishapangwa, ifundishe nje. Wapange mstari mmoja kuanzia mwenye dakika chache hadi mwenye nyingi. Kwa wanafunzi 78, hesabu kutoka mwanzo hadi wa 39 na wa 40; jibu ni nusu ya jumla ya namba zao. Wenye dakika sawa kila mmoja ashike nafasi yake mstarini. Kosa la kawaida daftarini ni mwanafunzi kuandika 20 mara moja tu wakati imetokea mara saba, lakini akiwaona wenzake saba wamesimama pale hawezi kuwafuta.

Ukitaka vipimo halisi badala ya makadirio, wapime shubiri kwa milimita, wawili wawili, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Angalia rula zao kwanza: nyingi sifuri yake haianzii ukingoni, na anayepima kutoka ukingoni atakosea milimita kadhaa kila mara, kwa upande uleule.

Wanafunzi wangu wawili wametumia data zilezile wakapata wastani tofauti na histogramu (grafu za nguzo za makundi) zisizofanana. Nimepitia hesabu zao, zote sahihi. Nimpe nani alama?
*Mwalimu, Kibondo*

Wape wote wawili, kisha watumie kama somo la kipindi kizima. Tuchukue mfano wa dakika za wanafunzi 20, tuliotunga kwa ajili ya hesabu hii:

5, 8, 10, 10, 12, 15, 15, 15, 20, 20, 20, 25, 30, 30, 30, 35, 40, 45, 60, 90.

Jumla ni 535, wastani halisi ni 26.75. Mwanafunzi wa kwanza anapanga makundi ya 1–10, 11–20, 21–30 na kuendelea. Marudio yake, yaani idadi ya wanafunzi katika kila kundi, ni 4, 7, 4, 2, 1, 1, makundi mawili matupu, kisha 1. Akizidisha kila marudio kwa namba ya katikati ya kundi (5.5, 15.5, 25.5…) anapata 490, na wastani wa 24.5. Wa pili anapanga 0–9, 10–19, 20–29. Anapata marudio 2, 6, 4, 4, 2, sifuri, 1, makundi mawili matupu, kisha 1. Jumla yake ni 580, wastani 29.0. Tofauti ya dakika nne na nusu, na hakuna aliyekosea kuzidisha.

Sababu iko kwenye majibu yenyewe. Wanafunzi wengi hawana saa, kwa hiyo wanakadiria, na makadirio huangukia 10, 15, 20, 30. Kwenye makundi ya 1–10 na 11–20, zile 10, 20 na 30 zimekaa ukingo wa juu wa kundi, lakini hesabu inazichukulia kama 5.5, 15.5 na 25.5. Zimepunguzwa zote. Kwenye makundi ya 10–19 na 20–29 namba hizohizo ziko ukingo wa chini, zinaongezwa zote. Makosa ya kukadiria kwa namba ya katikati kwa kawaida hufutana, moja juu na jingine chini. Hapa yanaegemea upande mmoja.

Sogeza makundi ili namba zinazopendwa zikae karibu na katikati: 5–14, 15–24, 25–34. Marudio yanakuwa 5, 6, 4, 2, 1, 1, makundi mawili matupu, kisha 1. Jumla 560, wastani 28.0. Bado si 26.75, ila umekaribia kuliko wote wawili. Sisi tunapendekeza kila darasa lipange data zake kwa namna mbili kabla ya kuamini umbo la histogramu. Likibadilika sana, umbo hilo limetokana na mipaka ya makundi.

Usiiache data hii bila kuigusa ile 90. Ukiitoa, wastani unashuka kutoka 26.75 hadi 23.4, lakini namba ya katikati ya orodha inabaki 20 vilevile. Na ukitafuta namba inayojirudia zaidi, utakuta 15, 20 na 30 zote zimetokea mara tatu. Mwanafunzi aliyezoea jibu moja atadhani amekosea. Je, mwenye 90 aondolewe? Hapana, mpaka ijulikane kwa nini. Kama alikosea kuandika, mwandike upya. Kama kweli anatembea saa moja na nusu, yeye ni sehemu ya darasa.

Dadu shuleni ziko mbili. Uwezekano nitaufundishaje kwa vitendo?
*Mwalimu, Kakonko*

Tumia vizibo vya soda. Vina sifa moja ambayo dadu haina: hakuna anayejua jibu kabla ya kurusha. Kwa dadu mwanafunzi anasema moja ya sita bila kuigusa. Kwa kizibo, mdomo juu au mdomo chini, lazima arushe.

Darasa la wanafunzi 78 linatoa jozi 39. Kila jozi irushe mara 25, jumla 975. Vizibo viwe vya aina moja, na vile vilivyopindwa sana na kifungulio vikae pembeni, kwa sababu umbo ndilo linaloamua kinavyotua. Wote warushie juu ya kitu kimoja, dawati tupu au daftari, si mchanganyiko. Kila jozi ikimaliza inataja idadi ya "mdomo juu", na kiranja anajumlisha ubaoni: baada ya 25, baada ya 50, baada ya 75, kila mara akigawa jumla kwa marusho yote. Chora uwiano huo. Mstari utayumba sana mwanzoni kisha utatulia, na pale unapotulia ndiyo makadirio ya darasa.

Kwa sarafu mambo ni hayohayo, ila jibu la nadharia tunalo, nusu. Wanafunzi hutarajia 12 au 13 kati ya 25. Waambie mapema kwamba popote kati ya 8 na 17 ni kawaida, la sivyo jozi iliyopata 9 "itarekebisha" daftari lake. John Kerrich, mwanahisabati aliyezuiliwa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 akapata kichwa mara 5,067. Hata yeye hakupata 5,000 kamili.

Watungaji wa data wanajulikana. Wape nusu ya darasa warushe sarafu mara 100, nusu nyingine watunge tu matokeo 100 vichwani. Tafuta mfululizo wa upande mmoja mara tano au zaidi. Katika marusho 100 ya kweli unatokea karibu kila mara: ukirudia zoezi hilo mara 100, utaukuta takriban mara 97. Anayetunga huogopa kuandika kichwa mara tano mfululizo, huona si bahati nasibu tena.

Kisha rudi kwenye vile vipande vya kopo. Kwenye mfano wetu wa wanafunzi 20, watano wanatumia zaidi ya dakika 30. Uwezekano wa kuchomoa mmoja wao ni 5/20, yaani robo. Ukichomoa vipande viwili bila kurudisha cha kwanza, uwezekano wa wote wawili kuwa wa mbali ni 5/20 × 4/19, sawa na 1/19. Ukikirudisha ni 1/16. Kopo likiwa mkononi, ile 4/19 haihitaji maelezo marefu. Vipande vikunjwe sawasawa, maana kilichokunjwa mara moja kinatambulika kwa vidole.

Grafu ya mstari je? Dakika za wanafunzi zinafaa?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Ujiji*

Hazifai. Mwanafunzi wa kwanza na wa pili kwenye orodha hawafuatani kwa wakati, kwa hiyo mstari unaowaunganisha hauna maana. Uko karibu na Kibirizi, wanakoshusha dagaa wa Ziwa Tanganyika. Tumia bei ya dagaa. Mwanafunzi anayeishi jirani na soko aulize bei kila siku kwa siku 30, chombo kilekile, saa ileile, na aamue tangu mwanzo kama ni wabichi au wakavu. Siku 30 zinatosha kupita mzunguko mzima wa mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, hivyo wengi hupumzika. Weka alama ya mwezi mpevu kwenye mhimili wa siku, watoto waangalie bei inafanya nini hapo. Siku ambayo dagaa hawakuwepo iachwe wazi. Ukiandika sifuri, grafu inasema dagaa waligawiwa bure.

Mwanangu alipimwa uzito mbele ya darasa kwa ajili ya somo la takwimu, wenzake wakamcheka. Hili linaruhusiwa?
*Mzazi, Uvinza*

Mzazi, una haki ya kulalamika, na anza kwa mwalimu wa somo. Uzito, idadi ya milo, kipato cha nyumbani, wazazi walio hai, na alama za mtihani zenye majina havihitajiki kufundishia hesabu yoyote. Katika mkoa unaopokea wakimbizi tunaongeza na mahali pa kuzaliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zinastahili uangalifu zaidi ya za mtu mzima.

Kwa walimu: kutoandika jina hakutoshi. Kama anayekuja kwa baiskeli ni mmoja tu, herufi B ni sawa na jina lake. Kundi lenye watu wasiozidi wanne liunganishwe na jingine kabla ya jedwali kubandikwa ukutani.

Digrii za grafu ya duara hazitimii 360. Kila mara 359 au 361.
*Mwanafunzi, Buhigwe*

Zidisha kwanza, gawanya baadaye. Kwa wanafunzi 23 kati ya 78, fanya 23 × 360 ÷ 78, upate 106.15, uandike 106. Ukianza na 360 ÷ 78 ukaikata kuwa 4.6, kosa linazidishwa mara 23 na unapata 105.8, kwenye kundi kubwa litafika digrii nzima. Ukikuta bado imebaki au imezidi digrii moja, hiyo ni ya kukadiria: iongeze au ipunguze kwenye kipande kikubwa kuliko vyote, ambako haitaonekana.

Mkondo A una wastani wa 52, mkondo B 38. Mkuu wa shule ameandika wastani wa kidato ni 45.
*Mwalimu wa taaluma, Kigoma Mjini*

Ni 45 endapo tu mikondo ina idadi sawa ya wanafunzi. Kama A ina 40 na B ina 60, jumla ya alama ni 2,080 na 2,280, yaani 4,360 kwa wanafunzi 100: wastani ni 43.6. Mpelekee mkuu hesabu ikiwa na safu ya idadi ya wanafunzi kando ya kila wastani, na safu hiyo ibaki kwenye fomu ya muhula ujao.