Dar hadi Mtwara kwa ndege: hesabu saa, maneno ya watu yaache

Juzi binti mmoja msomaji wangu kaniandikia: "Dada, Dar hadi Mtwara kwa ndege ni mbali kiasi gani? Nina usaili, na nyumbani wanasema nipande basi, ndege ni ya wenye nazo." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniketisha kuandika.

Ukipima moja kwa moja ni kama kilomita 400, na angani ni saa moja hivi. Ndege ya pangaboi hutumia dakika chache zaidi ya jeti. Barabara ni kama kilomita 560, maana haiambai pwani. Inaingia Kibiti na Ikwiriri, inavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ndipo inaitafuta Somanga na Nangurukuru. Basi la alfajiri linakufikisha jioni, Mungu akijalia. Wazee wetu, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, walivushwa na pantoni.

Mei 2024 baba yangu alifariki Mtwara. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshapita, maji yamekata barabara Somanga, mabasi na malori yamejipanga ng'ambo zote mbili. Ndugu zangu waliotangulia kwa basi walikwama hukohuko, simu zinazima moja baada ya nyingine. Mimi nilichukua fedha ya mzigo wa vitenge vya dukani kwangu, nikakata tiketi. Nilimkuta baba bado yumo ndani. Nilimfunua uso, nikamuaga, nikakaa na mama mkekani, kashika upindo wa khanga yangu mpaka jeneza linatolewa.

Kwenye matanga baba mdogo mmoja akasema mbele za watu: "Huyu kaja na ndege kutuonyesha ana hela." Mama alisikia. Leo tunasalimiana vizuri, lakini neno lile bado linanichoma.

Basi nisikilizeni, hasa mabinti mnaojitafutia. Fedha uliyoitolea jasho haiombewi radhi kwa mtu! Mwanamke akijenga wanasema, akisafiri wanasema. Wewe hesabu saa zako, tangu unapofunga mlango wa kwako mpaka unapobisha hodi uendako. Weka foleni ya Tazara, kufika uwanjani saa mbili kabla, kungoja begi, bajaji ya kuingia mjini. Ile saa moja inakuwa tano, na bado ni kama nusu ya basi. Hesabu saa. Tiketi kata mapema, nauli hupanda siku zikikaribia.

Tazama pia unakoishia. Wa Lindi mjini, ukishuka Mtwara una zaidi ya kilomita 100 za gari kupitia Mingoyo. Wa Masasi una kama 200, hapo faida ya ndege inapungua sana. Kama huna dharura, panda basi linalokwenda Masasi moja kwa moja.

Na wewe wa usaili, ruka siku moja kabla. Safari ikiahirishwa, utakuwa bado na muda wa kujipanga. Ukifika, wakikuuliza nauli, waambie umefika salama. Vyeti na nguo za usaili viwe kwenye begi la mkononi, usivipeleke kwenye mizigo.