Wosha ya zamani iko wapi?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: pikipiki mpya ikifikia sevisi ya kwanza, uipeleke kwa wakala aliyekuuzia au kwa fundi wa mtaani, na ni wapi utapata kazi bora? Nilitaka kuwajibu kwa mstari mmoja tu, kwa fundi wa mtaani, niendelee na shughuli zangu. Hilo neno "kazi bora" ndilo lililonirudisha. Hapa Dodoma tunaongea kana kwamba kwa wakala wapo madaktari, na chini ya mwarobaini kule Majengo wapo wababaishaji. Wengi wa hao vijana wenye ovaroli safi mikono yao ilifunzwa chini ya miarobaini hiyo hiyo.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza, maana wengi husema sevisi ya kwanza ni kumwaga oili, basi. Pikipiki hizi za cc 125 na 150 huja ndani ya kreti. Usukani, tairi la mbele, betri na vioo vinafungwa hukuhuku kabla hujakabidhiwa ufunguo. Ukishaitembeza kilomita mia tano kwenye makorongo ya Nkuhungu, kila kilichofungwa kimetikiswa na kila kilichokuwa kipya kimekaa mkao wake. Kwa hiyo fundi anayejua anaanza na spana kabla ya oili: nati za eksel za mbele na nyuma, bolti zinazoshika injini kwenye chasisi, nati za eksozi pale kwenye silinda, vichwa vya betri, kisha stelingi. Ananyanyua tairi la mbele, anashika foko na kuzivuta mbele na nyuma. Zikicheza hata kidogo, nati ya juu imelegea. Spoku anazigonga moja moja kwa bisibisi: iliyokaza inalia, iliyolegea inajibu kama mti. Cheni mpya hurefuka haraka mwanzoni, hivyo anairudisha kwenye mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya sproketi mbili. Mtu akiikaza ikawa kama waya wa nguo, itakula beringi mara tu utakapopakia abiria.

Oili ya kwanza inamwagwa mapema kwa sababu ringi, silinda na gia bado zinasagana, na unga wa chuma unabaki ndani ya oili hiyo hiyo. Pikipiki nyingi za India zinataka kati ya kilomita 500 na 750. Honda nyingi zinasema 1,000. Bodaboda wa mjini anazimaliza ndani ya wiki. Mtumishi wa mtaa wa Kisasa anayeendesha nyumbani hadi ofisini atachukua miezi, naye aangalie kadi ya sevisi, kwa sababu imeandikwa na siku pia, na kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Uzito wa oili ni ule wa kwenye kitabu, 20W-50 au 10W-30 au nyingine, lakini kopo liwe na alama ya MA au MA2. Klachi ya pikipiki inaoga kwenye oili ya injini. Ukimwaga ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, siku utakapopanda kuelekea Chuo Kikuu, UDOM, na abiria, injini itanguruma na pikipiki itabaki inajivuta.

Hadi hapo hakuna kazi ambayo fundi wa mtaani mwenye spana kamili hawezi. Nikuambie zaidi: ipo kazi moja ambayo mara nyingi anaifanya vizuri kuliko wakala, na hiyo ni tapeti, yaani kuseti ile nafasi ndogo ya valvu. Tapeti zinasetiwa injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, pistoni iko juu kwenye kompresheni na alama ya T imekaa kwenye kidirisha cha injini. Nafasi yenyewe kwenye nyingi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kitabu ndicho kinachosema ipi ya valvu ya kuingiza na ipi ya kutolea. Sasa wewe umefika kwa wakala saa mbili asubuhi ukitokea Ihumwa, injini inachoma kama pasi, na saa tatu kasoro unaambiwa tayari, tapeti zimesetiwa. Zimesetiwa vipi? Fundi wa kweli utamjua kabla hajashika kitu: anaweka kiganja kwenye silinda. Kukiwa na joto anakuambia, "Iache, kaka, tutaifungua kesho asubuhi." Nasi wenye pikipiki tuna kosa letu, la kumwambia fundi azinyamazishe kabisa. Tapeti inayolia kidogo haijaua injini ya mtu. Iliyobana ndiyo mbaya, maana haipigi kelele. Valvu ya kutolea haikai kwenye kiti chake, moto unapita, inaungua taratibu. Na kwenye injini mpya nafasi hiyo huelekea kupungua yenyewe kadiri viti vya valvu vinavyozama.

Kuna na vumbi. Kati ya Juni na Oktoba upepo wa Dodoma haupigi hodi. Mfuniko wa tapeti ukifunguliwa kando ya barabara, kila lori linalopita linachangia mchanga wake. Fundi awe na ukuta, au angalau turubai upande wa upepo. Hilo nalihesabu zaidi ya ovaroli.

Sasa niwape kisa, kwa sababu ndicho kilichokuwa kichwani nilipokuwa nasoma swali lenu. Ilikuwa pikipiki ya cc 150 ya kijana wa kijiwe kimoja upande wa Ipagala, ya mkataba, hesabu elfu kumi kila jioni. Mileji ilisoma 680. Bosi alimwambia aipeleke kwa wakala, sevisi ya bure ile ya kwenye kuponi. Bure ni ufundi tu, oili unalipia. Kijana akapiga hesabu: Jumamosi, foleni, nusu siku imekwenda na jioni elfu kumi inatakiwa. Akaenda kwa fundi wa pale pale kijiweni, ambaye kwa haki kabisa ni fundi mzuri.

Fundi akafanya vizuri karibu kila kitu. Aliwasha injini dakika tatu ili oili iwe nyepesi, akaisimamisha kwa stendi kubwa, akafungua kifuniko cha kumiminia ili itoke haraka, akafungua bolti ya chini kwa spana namba 17, akaiacha idondoke hadi tone la mwisho. Oili ilitoka nyeusi yenye mng'ao wa fedha, kama kawaida ya oili ya kwanza. Alikuwa na wosha mpya ya shaba, ile pete ya kuzibia oili, jambo ambalo wengi hawajishughulishi nalo. Akaivisha kwenye bolti, akaianzisha kwa vidole, akakaza.

Ila wosha ya zamani haikutoka na bolti. Ilikuwa imeganda kwenye kitako cha injini, imefunikwa na udongo mwekundu na oili, rangi moja na alumini. Yeye hakuangalia, akaweka mpya juu ya ya zamani. Wosha mbili, moja imeshabonyea upande, haziwezi kuziba. Akamimina oili, akawasha, likaja tone. Akakaza kidogo. Likaja lingine. Akakaza tena. Tone la tatu lilipokuja akachukua kipande cha paipu ya maji, akakivalisha kwenye mpini wa spana ili apate nguvu.

Aliyewahi kuua uzi wa alumini anajua kinachofuata. Spana inapinga, inapinga, halafu ghafla inalainika, inazunguka kama kijiko ndani ya uji. Bolti ni chuma, kitako ni alumini, na kwenye vita hiyo mshindi anajulikana. Fundi alinyamaza. Akaitoa, akaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, akapaka silikoni, akairudisha. Tone likakoma. Kijana akalipa, akaondoka, akafanya kazi siku nne.

Siku ya tano, barabara ya kwenda Mtumba, bolti ilidondoka. Oili yote, lita moja na kidogo, ilimwagika kwenye lami pengine kwa dakika moja. Pikipiki ya aina hiyo haina taa ya kukuambia. Aliendelea na mwendo hadi injini ilipoanza kulia kwa ukavu, ikapungua nguvu, ikakamata. Akabana klachi, akasogea pembeni. Silinda ilikuwa na mikwaruzo ya wima unayoweza kuihesabu kwa kucha, pistoni imelamba alumini yake yenyewe, ringi zimeng'ang'ania kwenye mifereji. Wakala alifungua kitabu, akaona kuponi haina mhuri, akaona tepu nyeupe kwenye uzi, akakifunga kitabu. Hakupaza sauti wala hakuwa na sababu ya kupaza. Ikanunuliwa silinda, pistoni na ringi. Tundu la milimita 12 likatobolewa na kuchongwa uzi wa 14 kwa mchonga vyuma. Siku tisa bila kazi. Bosi anadai hesabu ya siku tisa, dereva anasema pikipiki ilikuwa mbovu, fundi anasema aliirudisha ikiwa haivuji. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, na aliyelipa ni mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Nimeandika kisa hiki nikidhani kitanisaidia kusema kwamba fundi yule angeangalia tu, mambo yangeisha, na kuangalia hakufundishwi kwa wakala peke yake. Bado ni kweli. Kwa wakala pia bolti hukazwa kwa mkono na mazoea. Spana ya kupimia nguvu inaweza kuwa ukutani inapendeza. Kosa la wosha mbili lingeweza kutokea huko vilevile, na huenda kwa haraka zaidi, kwa kuwa sevisi ya bure haimpi yeyote sababu ya kuikalia. Lakini kadiri ninavyoandika naona nililitazama swali upande mmoja. Kosa lile lile, mkono mwingine, na bili ingekuwa ya mtu mwingine. Uzi ukifia mikononi mwa wakala, kuponi ikiwa na mhuri wake na risiti ya mashine ya kodi, EFD, ipo, kitako cha injini ni tatizo lake. Ukifia kijiweni, ni lako.

Basi, kinyume na nilivyoanza, sevisi ya kwanza nasema ipelekwe kwa wakala. Sisemi kazi yake ni bora.

Na nina masharti. Tapeti zisiguswe injini ikiwa ya moto. Ilaze pale tangu jioni, au uwaambie wazi waziache, na fundi wako wa mtaani azitazame asubuhi moja, nyuma ya ukuta, kabla jua halijawaka. Ila kama waranti bado inakuuma, uliza kwanza kama kufunguliwa kwa mfuniko huo kunaivunja, maana kadi hazifanani. Orodha ya kukaza nati niliyoitaja juu, rudi nayo nyumbani uipitie mwenyewe. Niliwahi kuona kadi ambayo visanduku vyote vimewekewa alama ya vema na cheni inagonga kava. Fungua na sanduku la hewa. Sponji ioshwe kwa sabuni au mafuta ya taa, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke, ipate oili kidogo. Ya karatasi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Oili ikizidi kipimo hupanda huko kwenye sanduku kupitia bomba la pumzi, kwa hiyo sponji iliyolowa oili nyeusi ni ujumbe kwamba fundi alimimina kopo zima bila kuangalia kijiti.

Anayeishi mbali ana hesabu nyingine. Kutoka Mpwapwa hadi mjini ni kama kilomita 120, hivyo aondoke mileji haijavuka 600 ili afike ndani ya 750. Wa Kondoa aondoke mapema zaidi. Na kama safari haiwezekani, ampigie wakala kabla, aulize nani katika wilaya yake anaruhusiwa kugonga mhuri, atunze risiti za oili. Pikipiki isiyo na waranti yoyote, na zipo nyingi, sina ugomvi: fundi wa mtaani, mwenye ukuta.

Madereva wa mkataba nao waandikiane na bosi kwamba siku ya sevisi haina hesabu. Kama siku hiyo ingekuwa kwenye karatasi, kijana wa Ipagala angekaa foleni.

Oili iliyomwagwa chukueni, mchwa wa nguzo za uzio hawaipendi. Na popote mtakapokuwa, bolti ya chini ikishatoka, kabla mpya haijawekwa, mwombeni fundi awaonyeshe wosha ya zamani. Ikiwa haipo kwenye bolti wala chini kwenye beseni, ipo juu, kwenye kitako. Aikwangue kwa ukucha.