Rangi kupauka kwenye maua ya filta za kahawa

Dada, umeuliza kwa nini rangi inapauka kwenye maua unayotengeneza kwa filta za kahawa, yani zile karatasi za kuchujia kahawa. Rangi kupauka ikishakauka ni kawaida kabisa, karatasi ikiwa mbichi inaonekana imekolea ikikauka inashuka sana, kwa hiyo we koleza mpaka uhisi umezidisha. Alafu achana na brashi. Tia rangi ya chakula na maji kidogo kwenye kibakuli, chukua filta kadhaa za mviringo zikiwa zimepangana, kunja nusu mara mbili, chovya ule upande wa mduara tu uishikilie hapo, rangi inapanda yenyewe taratibu huku inafifia kuelekea katikati, yani ndo unapata lile waridi pinki pembeni, ndani jeupe, linapendeza mno!! Usiogope kuchanika, filta imetengenezwa ihimili maji ya moto sio kama tishu, ila usizikamue kwa nguvu na uzianike moja moja juu ya taulo kuukuu.

Kuhusu zile filta za pembetatu ulizoulizia kama zinafaa, zinafaa tena sana, kata tu ile mishono ya pembeni na chini unabaki na vipande viwili bapa, katia petali humo. Za mviringo mi napendelea kwa maua manene yenye mikunjo mingi. Petali zikikauka kabisa ndo viringisha ukingo kwenye penseli, zikiwa na unyevu hazishiki umbo.

Na ukimaliza usiyaweke dirishani jua linapopiga, rangi ya chakula inakufa haraka sana kwenye jua.