Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi: maswali ya wasomaji wa Dodoma kuhusu pwani

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, watu wa Kanda ya Kati wanaiuliza bahari maswali ambayo zamani waliyauliza mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo. Haya ni yale yanayojirudia zaidi.

Nafanya kazi Mtumba. Naweza kushuka Dar es Salaam asubuhi, nikaogelea, kisha nikarudi Dodoma usiku huohuo? (Msomaji, Ihumwa)

Kwa hesabu ya ratiba inawezekana. Kwa mwili ni adhabu. Treni yenyewe huchukua kati ya saa tatu na nusu na nne kila upande. Stesheni ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, wakati fukwe ambazo watu wengi huzitaka, za Mbezi Beach na Kunduchi, ziko kaskazini, kilomita 20 hivi, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo haina huruma na mgeni. Ukijumlisha, unasafiri saa kumi na moja ili ukae ufukweni saa tatu. Saa hizo tatu zikiangukia maji yamekupwa, umekuja kutazama matope.

Ukishikilia siku moja, acha Kunduchi, nenda Kigamboni. Kutoka stesheni hadi kivuko cha Feri ni mwendo mfupi wa bajaji, kuvuka ni dakika chache, na fukwe za Mikadi na Mjimwema zinafuata upande wa pili. Lakini mpango unaofaa ni huu: treni ya Ijumaa jioni, ulale upande uleule wa fukwe (usilale Kariakoo kwa sababu ya bei, asubuhi utailipa kwa foleni), bahari Jumamosi, treni ya Jumapili. Tiketi kata mapema kwa kitambulisho chako. Mwisho wa juma unaogusana na sikukuu hujaa kabla hujakumbuka.

Tulikwenda Bagamoyo kikundi kizima. Tulipofika bahari haikuwepo, ilikuwa mbali kabisa, na wenyeji wanatembea pale tulipotarajia maji. Tulikosea nini? (Msomaji, Nkuhungu)

Mlikosea siku, hamkukosea mahali. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 ndizo zinazosogeza kila kitu: leo maji yakijaa saa nane mchana, kesho yatajaa karibu na saa tisa.

Kiasi cha maji kinafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na tunapata bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mvuto hupingana, tunapata maji mafu, na tofauti hushuka hadi kama mita 1. Pale Bagamoyo sakafu ya bahari ina mteremko mdogo sana, kwa hiyo mita 3 za kwenda juu na chini zinakuwa mamia ya mita za kwenda mbele na nyuma. Ufuko wenye mteremko mkali hauoneshi tofauti kubwa hivyo.

Sasa sehemu yenye faida kwa anayepanga safari akiwa Dodoma. Katika pwani yetu, bamvua hufuata saa zilezile kila mwezi: maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Juma moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: maji yamejaa kiasi asubuhi ya saa nne na yamepwa jioni. Kwa hiyo hata bila jedwali la maji, ukitoka nje usiku ukauona mwezi unajua nusu ya habari. Mwezi mpevu Jumamosi? Asubuhi tembea kwenye miamba na mafungu ya mchanga, kuogelea kuwe kuanzia saa nane mchana maji yakiwa yanarudi. Nusu mwezi? Ogelea asubuhi.

Muda mzuri wa kuogelea ni saa mbili za mwisho kabla maji hayajajaa. Maji yanayokupwa hukuvuta kwenda kilindini, hasa penye mlango wa mto au mkato wa mwamba. Ukivutwa, usipambane kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuko hadi mkondo ulegee, ndipo ugeuke.

Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Kisiwa cha Mbudya kinawafaa? Nibebe nini? (Mama, Area C)

Kinawafaa, kuliko ufuko wa wazi wenye mawimbi. Mbudya na Bongoyo ni sehemu ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam, yaliyotangazwa mwaka 1975. Boti za Mbudya huondoka Kunduchi. Za Bongoyo huondoka upande wa Msasani. Kuna ada ya hifadhi mbali na nauli ya boti. Mtanzania hulipa pungufu kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisibaki hotelini.

Kabla ya kulipa nauli, tazama boti, usimtazame anayekushawishi. Kuna jaketi okozi kwa kila kichwa, pamoja na la mtoto? Kuna ndoo ya kutolea maji? Ukimvalisha mtoto jaketi na kufunga vifungo vyote, linyanyue kwa mabega: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na akianguka majini atachomoka. Jaketi la mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Asiyekuwa nalo, mwache, tafuta boti nyingine.

Ondokeni mapema, saa tatu asubuhi. Upepo wa baharini huongezeka kuanzia adhuhuri, na njia iliyokuwa shwari asubuhi huwa na mawimbi mafupi yanayolowesha watu alasiri. Kurudi saa tisa kunatosha.

Kisiwani kuna vibanda vya kivuli na wauzaji wa samaki na soda. Bado beba maji ya kunywa, lita 3 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Mtu wa Dodoma amezoea jasho linalokauka mara moja. Pwani jasho halikauki, unadhani hujapoteza kitu kwa kuwa umelowa tu. Watoto wavae tisheti za mikono mirefu hata wakiwa majini, maana mgongo ndio unaoungua wakati mtoto ameinamia mchanga. Viatu: raba za zamani za kufunga kamba. Kandambili na yeboyebo huelea na kuondoka zenyewe. Mfuko wa rambo usibebe, umepigwa marufuku tangu Juni 2019, chukua kikapu.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji, Singida)

Oktoba na Novemba mwanzoni, kabla mvua za vuli hazijakolea, na tena Februari hadi katikati ya Machi. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu: hewa ni ya kupendeza, bahari ina hasira na maji yana vumbi la mchanga, hutaona samaki. Aprili na Mei ni masika. Wakati wowote, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisha visiwa. Ufukweni unaweza kwenda, boti hapana.

Sisi ni wanafunzi kumi na wawili wa UDOM. Tunataka kufika kisiwa cha Maziwe. Tupangeje? (Kiongozi wa kikundi)

Maziwe ni sababu nzuri ya kujifunza mwezi, kwa sababu siku hizi ni fungu la mchanga tu, kusini-mashariki mwa Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi wa kutaga. Mmomonyoko ulikula miti yote, na sasa maji makubwa yakijaa fungu hufunikwa. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufuko wa nchi kavu: yakibaki hufa kwa maji ya chumvi.

Chagueni siku ya bamvua au siku mbili baada yake. Maji yakipwa saa nne na nusu asubuhi, boti iondoke saa mbili na nusu, mpate mchanga mpana na matumbawe yenye kina kidogo cha kuogelea kwa miwani. Saa sita na nusu nahodha akisema twende, nendeni bila ubishi. Fungu huliwa haraka kuliko mnavyofikiri. Hakuna kivuli hata cha fimbo, kwa hiyo mwavuli mmoja kwa watu watatu.

Njia ni Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga, kisha kusini hadi Pangani. Hiyo ni siku nzima ya basi, basi lenyewe likiwa na adabu. Tengeni siku nne. Siku ya ziada nendeni mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa Tanga mjini. Hayo hayategemei maji wala upepo. Kila mtu awe na tochi yake. Ya simu haitoshi, na betri ya simu mtaihitaji.

Nilikanyaga mdudu mweusi wa duara mwenye miiba mirefu. Wavuvi waliniambia nikojolee. Ni dawa? (Msomaji, Manyoni)

Si dawa. Kinachosaidia ni joto. Loweka mguu kwenye maji moto ya kuvumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji yanapopoa. Joto hupunguza ukali wa sumu na maumivu. Pima maji kwa mkono wa mtu mwingine, kwa sababu mguu unaouma hudanganya na utajiunguza. Mwiba uliochomoza vuta kwa kibano. Uliokatikia ndani usiuchimbe kwa pini, utaupasua vipande. Ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukivimba na kupata homa, nenda hospitali, na uulize sindano ya pepopunda. Maji moto hayohayo hutumika kwa mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Huyo hujilaza chini ya mchanga penye kina kidogo: tembea ukiburuza nyayo, atakimbia mwenyewe.

Nataka kuwapeleka wanafunzi Bagamoyo kwa basi la kukodi. Tupite Dar es Salaam? (Mwalimu, Mpwapwa)

Hapana, mwalimu. Mkifika Chalinze shikeni barabara ya Segera hadi Msata, hapo pindeni kulia: lami ya kilomita 64 inawafikisha Bagamoyo bila kugusa foleni ya Dar es Salaam. Hata hivyo kutoka kwenu ni mamia ya kilomita. Laleni Bagamoyo usiku mmoja, dereva apumzike.

Somo mnalo tayari. Mpwapwa ilikuwa kituo cha njia ya misafara iliyotoka bara ikapita Ugogo na kuishia Bagamoyo, kwa hiyo watoto wanafuata njia iliyopita kwao. Anzeni asubuhi magofu ya Kaole, kilomita 5 kusini mwa mji, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Jua likipanda pale hakuna pa kujificha. Kisha misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa mwaka 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza. Bahari iwe mchana, maji yakijaa, na kila watoto kumi wawe na mtu mzima mmoja aliyesimama ndani ya maji, asiye na simu mkononi. Kina kisizidi kiuno cha mtoto mfupi kuliko wote.

Nataka picha ya jua likizama baharini. (Msomaji, Kikuyu)

Pwani yetu inatazama mashariki, jua litazama nyuma yako. Amka saa kumi na mbili kasoro upige likichomoza. Ukitaka la jioni, simama upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, pale Slipway, unatazama ghuba.

Samaki wabichi wa soko la Feri wanafika Dodoma salama? Na makombe ya baharini naweza kubeba? (Msomaji, Kisasa)

Wanafika, ukinunua asubuhi ya siku ya kurudi. Watolewe matumbo na matamvua palepale, kisha wapangwe kwenye sanduku la baridi: tabaka la barafu, tabaka la samaki, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu iwe ya kusagwa, mapande makubwa huacha mianya. Samaki wasikae ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka. Ulizia kituoni mapema kama sanduku hilo linaruhusiwa behewani. Wakikataa, nunua waliokaangwa. Makombe, matumbawe na chochote cha kasa uviache. Ndani ya hifadhi za bahari kuvichukua ni kosa, na kombe tupu la leo kesho ni nyumba ya kaa.