Jibu: Begi la mgongoni la kwenda Mandara na kurudi

Dada, umeuliza kama begi la lita 40 linafaa kupanda Mlima Kilimanjaro kutoka Marangu hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyohiyo, mwezi wa nne. Ni kubwa mno. Lita 20 hadi 25 zinatosha: maji, chakula, sweta, koti la mvua.

Angalia sana mkanda wa kiunoni, maana ndio unaohamishia uzito kwenye nyonga na kuyapa mabega nafuu. Mitumba ya Memorial hapa Moshi ina mabegi mazuri, ila vuta zipu zote kabla hujalipa.

Halafu ni masika. Kifuniko cha nje pekee hakitoshi, maji hupenyea upande wa mgongoni. Sweta iweke kwenye mfuko usiopitisha maji; Mandara ni kama mita 2,700, ukilowa utatetemeka kweli.