Baba kapona stroku ila hajali kitu

SWALI: Shkamoo Anti, mi msomaji wako wa Morogoro. Baba ana miaka 63, mwaka jana alipata stroku tukahangaika nae mpaka akarudi kutembea na kuongea anaongea vizuri tu. Shida sasa hajali kitu. Zamani mechi ya Yanga lazima aisikilize redioni, saivi washinde wafungwe kwake yote sawa, mjukuu kazaliwa kamuangalia mara moja basi. Halii, halalamiki, anakaa tu. Mama anasema ni kiburi, bamdogo anataka tumpeleke kwa mganga. Mi naona kama hatupendi tena.

JIBU: Marhaba mwanangu, poleni sana, hasa mama maana ndo anashinda nae. Baba anawapenda. Stroku inaua sehemu ya ubongo, na ikigusa sehemu za mbele au za ndani kabisa mtu anaweza kubaki na akili zake na miguu yake ila kile kinachomsukuma aanze jambo ndo kimezimika. Hali hii ya kutojali inawapata karibu mtu mmoja kati ya watatu waliougua stroku, na inaniuma kwamba wengi kliniki wanaulizwa habari za mkono na mguu tu.

Hapo uliposema halii halalamiki ndo pa kuangalia. Mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi analia, anajilaumu, wengine wanasema bora nife. Ila sonona na huku kutojali vyote viwili vinaweza kumkuta mtu mmoja, kwahiyo hela ya mganga mrudishe nayo hospitali, muwaeleze hivihivi ulivyoniandikia, wampime thairoidi (tezi ya shingoni) na waangalie dawa zake maana zipo zinazomfanya mtu azubae.

Nyumbani msimuulize "baba unataka kutoka?", atakataa kila siku kwasababu huko kutaka kwenyewe ndo kulikoharibika. Mwambie "baba twende", mshike mkono, mkifika kwa wenzie kwenye bao usishangae akacheza. Mjukuu muwekeni mapajani kwake. Iwe kila siku saa ileile, na msikate tamaa wiki ya kwanza. Dawa za presha msimwachie mwenyewe kabisa, asiyejali mpira hatajali kidonge, na stroku ya pili hapo ndo inapopatia njia.

Bamdogo nae aje Jumamosi akae na kaka yake, mama apate kwenda kwenye vikoba vyake akacheke na wenzie.